Redio Iliyosikilizwa kwa Sauti ya Chini

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Polandi ilitawaliwa na chama cha kikomunisti kilichoegemea Umoja wa Kisovieti. Magazeti na redio vilishikwa na dola, na kila habari ilipita kwanza mikononi mwa wakaguzi. Kwa hiyo usiku ulipoingia, watu wengi walifunga madirisha, wakapunguza sauti ya redio, wakatafuta katika masafa mafupi matangazo ya Kipolandi yaliyotoka ng'ambo: BBC ya London, Sauti ya Amerika na, tangu Mei 1952, Redio Ulaya Huru ya Munich. Mtoto akiropoka shuleni, angeweza kuwaponza wazazi wake.

Serikali nayo ilijenga mitambo ya kurusha kelele katika masafa hayohayo. Msikilizaji alinasa neno moja, akapotewa na matatu.

Kwa nini dola yenye jeshi na polisi iogope sauti? Jibu lilionekana mwaka 1954. Józef Światło, ofisa mkubwa wa polisi wa siri aliyetorokea Magharibi mwishoni mwa 1953, alianza kusimulia redioni mateso ya wafungwa na anasa za viongozi. Desemba 1954, Wizara ya Usalama wa Umma ikavunjwa. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi.

Tarehe 28 Juni 1956, wafanyakazi wa mji wa Poznań waliandamana kudai mkate na ujira wa haki. Baadhi ya waandamanaji walipanda juu ya jengo la bima ya jamii, wakaing'oa mitambo ya kuvuruga matangazo na kuitupa chini barabarani. Jeshi likaletwa, na watu wasiopungua 57 wakauawa. Walitoka kwa ajili ya mkate, lakini hawakuisahau ile kelele. Kabla mwaka haujaisha, serikali iliizima mitambo yake.

Hata hivyo, Redio Ulaya Huru nayo ilikuwa na mwenyewe: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 iligharimiwa kwa siri na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Msikilizaji mwenye busara alisikia pande zote mbili, akapima. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linampa kila mtu haki ya kupokea habari bila kujali mipaka. Siku azimio hilo lilipopigiwa kura, Polandi haikulikubali wala haikulikataa. Raia wake walijibu wenyewe, usiku, sikio likiwa karibu na redio.