Picha ya makala

Picha ya makala ni picha, mchoro au ramani inayowekwa pamoja na maandishi ya maarifa ili kumwonyesha msomaji kile ambacho maneno peke yake hukieleza kwa shida. Desturi hii ni ya zamani: kamusi elezo ya Kifaransa ya Diderot ilitoa juzuu 11 za michoro kati ya 1762 na 1772, nyingi zikionyesha karakana, zana na mikono ya mafundi kazini.

Sifa ya kwanza ni usahihi, na uzuri haushiki nafasi yake. Mwaka 1515 Albrecht Dürer wa Nürnberg alitoa chapa ya kifaru ambaye hakuwahi kumwona, akitegemea maelezo na mchoro wa mnyama aliyefikishwa Lisbon. Alimvika ngozi kama deraya, akamwongezea kipembe mgongoni. Chapa hiyo ilipendeza mno. Ikanakiliwa vitabuni kwa zaidi ya karne mbili, kipembe kikiwemo.

Picha pia hufuata kinachoelezwa. Makala kuhusu mkarafuu hufaa kuonyesha kichala cha matumba yaliyofumba, yakianza kuwa mekundu, kwa kuwa huchumwa kabla ya kuchanua. Karafuu kavu zilizoanikwa juu ya jamvi huko Pemba zafaa makala nyingine, ya biashara.

Kisha huja hakimiliki. Wikimedia Commons, hazina iliyoanzishwa 2004, hupokea tu faili zenye leseni huria au zisizo na hakimiliki, na leseni nyingi hudai mpiga picha atajwe.