Daftari Likipotea, Mali Ikabaki

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliiandika ubaoni mara nyingi nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nikiwaasa wanachuo watunze kumbukumbu. Sikuwahi kujiuliza swali la upande wa pili: je, daftari likipotea, na mali ikabaki?

Baada ya kustaafu nilipitisha picha zangu za zamani kwenye skana na kuziweka katika kompyuta. Mwanangu alinitafutia programu ya kuzipanga, na kwa muda wa miaka miwili, kila jioni, mimi na mke wangu tulikaa mezani tukiandika majina ya watu, uso mmoja baada ya mwingine. Yeye alikuwa mkufunzi katika chuo hichohicho, na kumbukumbu yake ilikuwa kali kuliko yangu. Mimi niliandika, yeye alitaja.

Mke wangu alifariki. Kisha ile kompyuta nayo ilichoka, na mpya haikuipokea tena programu ile. Mjukuu wangu akazihamishia picha zote kwenye programu nyingine. Picha zilifika salama, hata moja haikupungua. Majina hayakufika.

Sababu yake ni rahisi kueleza, ndugu msomaji, ingawa niliielewa nikiwa nimechelewa. Programu ya kwanza haikuwa ikiyaandika majina ndani ya picha. Iliyaweka pembeni, katika hifadhidata yake yenyewe, ambayo programu mpya haikuweza kuisoma. Jambo hilo lilinikumbusha picha za madarasa pale chuoni: nyuma ya kila picha palikuwa na namba tu, na majina yalikuwa katika daftari kubwa kabatini. Mchwa walilila daftari. Picha zilinusurika, zikawa picha za watu wasiojulikana. Nililiona kosa hilo kwa macho yangu, na bado nikalirudia.

Tatizo hili lina historia ndefu. Mwaka 1839, ufundi wa Daguerre ulipotangazwa mjini Paris, picha ilikuwa kitu adimu, na mwenye nayo hakuhitaji kukumbushwa ni ya nani. Mambo yalibadilika mwaka 1888, George Eastman wa Marekani alipotoa kamera ya Kodak yenye filamu ya picha 100. Mtu alipiga zote, akairudisha kamera nzima kiwandani Rochester zikasafishwe. Hapo ndipo picha zilipoanza kuwa nyingi kuliko kumbukumbu za mwenyewe.

Mwaka 1914 kampuni hiyohiyo ilileta dawa ambayo hadi leo naistaajabia. Nyuma ya kamera palikuwa na kidirisha. Ulikifungua, ukaandika kwa kijiti cha chuma, na maandishi yako yakatokea kwenye filamu yenyewe, pembeni mwa picha. Jina na picha vilizaliwa pamoja. Lakini mpango huo haukudumu miaka 20.

Wajapani waliufufua kwa namna nyingine mwaka 1995, walipotoa kanuni iitwayo Exif, inayoiwezesha kamera ya kidijitali kuandika tarehe na saa ndani ya faili la picha. Mwaka 2001 Adobe walileta utaratibu wa XMP, ambao huweza kubeba hata maelezo na majina ndani ya faili. Njia ipo, basi. Ila kamera huijua saa, haimjui mtu. Jina lazima liandikwe na binadamu, na programu lazima iagizwe iliweke mahali panapostahili.

Maana programu zenyewe hazina umri mrefu. Picasa ilianza mwaka 2002, ikanunuliwa na Google mwaka 2004, ikasitishwa mwaka 2016. iPhoto ya Apple nayo ilianza mwaka 2002, na mwaka 2015 nafasi yake ikachukuliwa na programu nyingine. Sanduku la bati la mama yangu limetunza picha kwa zaidi ya miaka 60.

Gharama ya uzembe wangu niliijua alipokuja nyumbani mama mmoja. Baba yake alisoma kwetu mwaka 1976, wakati vyuo vilipojaa kwa sababu ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Baba huyo alifariki binti akiwa bado anabebwa mgongoni, na nyumbani kwao haikubaki picha yake hata moja.

Picha ya darasa lile ninayo. Wamo wanachuo 42, mashati meupe, mikono nyuma. Jina la baba yake niliwahi kuliandika, mke wangu akilitaja. Sasa sikuweza kumtambua. Nilimpigia simu mkufunzi mwenzangu wa zamani, akaja, tukapita mstari kwa mstari siku nzima. Zilibaki sura mbili na majina mawili.

Yule mama aliziangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Mwalimu, nipe wote wawili.”

Sasa nimeanza upya. Kabla ya kuhama, naiagiza programu iandike majina ndani ya mafaili. Najaribu kwanza kwa picha kumi, nazifungua kwa programu nyingine, nione kama majina yamefika. Kompyuta ya zamani siitupi hadi nimehakikisha. Na ile picha ya 1976 nimeandika nyuma yake kwa penseli: majina 40 mahali pake, na mengine mawili pembeni, kila moja na alama ya kuuliza.