Shoki za mbele: Jinsi ya kuzipima, kuzirekebisha na kuziboresha kwa pikipiki ya barabarani

WAPO waendeshaji pikipiki ambao hawaigusi breki ya mbele katu. Ukiwauliza sababu, watakuambia kuwa breki hiyo hurusha mtu. Ukiibana tu, pua ya pikipiki huinama ghafla, usukani ukatikisika na abiria akakulalia mgongoni. Kwa hivyo wao hukanyaga breki ya nyuma pekee, hata pale mtoto anapochomoka kando ya barabara akiwa umbali wa hatua kumi.

Hofu hiyo ina msingi, lakini aghalabu kosa si la breki. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake huhamia mbele na gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuisimamisha. Iwapo shoki za mbele zimechoka, hulala hadi mwisho wake papo hapo. Shoki iliyofika mwisho haina tena nafasi ya kumeza shimo wala tuta, na tairi huanza kurukaruka badala ya kuishika lami. Anayeikwepa breki hiyo naye hujiongezea umbali wa kusimama, na umbali huo ndio unaoamua kama mtoto yule atafika kwao salama.

Shoki za mbele za pikipiki nyingi tuzionazo humu nchini, kuanzia zile za 100cc hadi 150cc zinazotumiwa na wahudumu wa bodaboda, ni za muundo wa kale na rahisi. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ndiyo iliyotoa pikipiki za kwanza za kuuzwa zenye shoki za mabomba zinazotulizwa kwa mafuta, mnamo 1935, na tangu hapo wazo lenyewe halijabadilika sana. Kila upande una bomba la ndani la chuma lililopakwa kromu, ambalo huteleza ndani ya bomba la nje la alumini. Ndani mna springi ndefu, mafuta, na ufito wenye vitundu ambamo mafuta hupenya shoki inapobonyea na inapoinuka. Sili ya mpira huzuia mafuta yasitoke, na kifuniko juu yake huzuia vumbi lisiingie.

Ni muhimu kutenganisha kazi mbili ambazo mafundi wengi huzichanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito. Mafuta hayabebi uzito wowote wa kudumu. Kazi yake ni kutuliza mwendo, ili springi ikishabonyezwa isirudi kwa kishindo na kuendelea kudunda. Pikipiki inayoinama mno kwa sababu springi ni laini haitibiwi kwa mafuta mazito.

Tiba hiyo mbovu ndiyo iliyozoeleka zaidi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupeleka pikipiki ya 125cc kwa fundi mmoja, akamiminiwa oili ya injini, tena iliyokwisha kutumika. Kwa siku mbili shoki zilionekana kukaza vyema. Asubuhi ya tatu, katika baridi ya Limuru, zikawa kama fimbo mbili. Penye safu ya matuta madogo zilikuwa zikibonyea na kukosa wasaa wa kuinuka kabla ya tuta linalofuata, hivi kwamba pua ilizidi kushuka hadi ikabaki chini kabisa. Sababu si siri. Oili ya injini ya 20W-50, katika joto la nyuzi 40, huwa na mnato unaokaribia mara nne au tano ya ule wa mafuta ya shoki ya 10W. Nambari hizo mbili hazipimwi kwa mizani moja, ingawa chupa zinafanana. Isitoshe, oili iliyotumika huwa na chembe za chuma, nazo huila kromu na sili.

Kabla ya kununua chochote, anza kwa ukaguzi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, inua gurudumu la mbele, kisha shika miguu ya shoki kwa chini uivute mbele na nyuma. Ukihisi mchezo, huenda tatizo ni beringi za shingo ya usukani wala si shoki. Tazama bomba la ndani: alama ndogo ya kutu yaweza kuchana sili mpya katika muda wa wiki moja. Isugue taratibu kwa msasa laini sana, wa namba 1000 au zaidi. Bomba lililopinda halina budi kubadilishwa. Mafuta yanayovuja nayo yasipuuzwe, kwani huteremka hadi kwenye breki.

Kisha pima. Hatua hii haigharimu chochote ila futi kamba na msaidizi mmoja, nayo hurukwa na karibu kila mtu. Gurudumu likiwa hewani, pima urefu wa bomba la ndani linaloonekana. Tuseme ni milimita 150. Teremsha pikipiki, uketi juu yake ukiwa na kofia na mzigo wako wa kawaida. Msaidizi aibonyeze pua chini, aiachie ijiinue polepole, kisha apime; tuseme anapata 102. Halafu aiinue kidogo, aiachie ishuke yenyewe, apime tena, tuseme 110. Katika kipimo cha kwanza shoki imezama milimita 48, na katika cha pili 40. Wastani ni 44. Tofauti ya milimita nane ni msuguano wa ndani. Ikizidi 15 hivi, tafuta kwanza kilichopinda au kilichofungwa vibaya.

Kwa matumizi ya barabarani, shoki yenye mwendo wa milimita 120 inafaa kuzama kati ya 30 na 40 mwendeshaji akiwa ameketi. Katika mfano wetu pungufu ni dogo, na dawa yake ni kipande cha bomba gumu la PVC kinachowekwa juu ya springi, pamoja na washa ya chuma kila upande. Kipande chenye urefu wa milimita nane kitaipandisha pua kwa takriban kiasi hicho hicho. Hata hivyo, kuibana springi kwa namna hii hakuifanyi kuwa ngumu zaidi. Kunabadilisha kimo tu. Ishara ya kuwa umevuka mpaka ni hii: ukiteremka, na pikipiki ikisimama peke yake, shoki hazizami hata kidogo. Zinapaswa kuzama baina ya milimita 15 na 25. Zisipofanya hivyo, springi zenyewe ni laini kwa uzito wako.

Hapo suluhu ni springi ngumu zaidi. Wenye pikipiki kubwa huweza kuagiza springi zilizoandikwa kipimo chake kwa kilo kwa kila milimita. Kwa pikipiki ndogo, springi kama hizo ni adimu hata katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Njia ya pili ni kuzikata. Springi yenye mizunguko 40 inayofanya kazi, ikikatwa minne, huwa ngumu kwa takriban asilimia 11. Zote mbili zikatwe sawasawa, kwa kisu cha kusaga, bila kuchomwa kwa gesi kwa kuwa moto huharibu chuma cha springi. Urefu uliopotea hufidiwa kwa bomba la PVC, na ncha iliyokatwa ilazwe bapa juu ya washa.

Angalizo moja kuhusu mzigo. Mitungi ya maziwa au kreti za mkate zikifungwa nyuma ya ekseli, hazilemei pua, huiinua. Usukani huwa mwepesi na shoki za mbele huonekana kuwa salama, mpaka unapobana breki na uzito wote ukaja mbele kwa mpigo. Kwa hivyo rekebisha shoki za nyuma kwanza, kwa kuzungusha kola yake, ndipo upime mbele ukiwa na mzigo ule ule unaoubeba kila siku.

Sasa ndiyo zamu ya mafuta. Legeza kifuniko cha juu gurudumu likiwa hewani na uso wako ukiwa kando, maana springi hukisukuma kwa nguvu. Mwaga mafuta ya zamani yote, suuza, kisha tia mafuta ya shoki ya mnato uliotajwa katika kitabu cha pikipiki. Ukitaka utulivu zaidi, panda daraja moja tu, mathalani kutoka 10W hadi 15W, na usibadilishe kampuni ya mafuta ovyo, kwani 10W ya kampuni moja yaweza kuwa nzito kuliko ya nyingine. Kimo cha mafuta hupimwa springi ikiwa nje na shoki ikiwa imebonyezwa hadi mwisho, kuanzia ukingo wa juu wa bomba. Hewa iliyobaki juu ya mafuta hufanya kazi kama springi ya pili, inayokaza zaidi shoki inapokaribia mwisho. Kuongeza kimo kwa milimita tano hadi kumi husaidia sana wakati wa breki. Ukizidisha, hewa hukosa nafasi na sili hupasuka.

Vitabu vingi hupendekeza kubadilisha mafuta haya kila kilomita 15,000 hadi 20,000. Mhudumu wa bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufikisha 15,000 kwa miezi mitano.

Ufito wa vitundu una kasoro ya kimaumbile: kasi ya shoki ikiongezeka maradufu, ukinzani wa mafuta huongezeka mara nne. Ndiyo maana hulegea kwenye breki ya polepole na kugonga kwenye shimo kali. Kampuni kama Race Tech ya Marekani hutengeneza vali ndogo inayoketi juu ya ufito huo, ambao hutobolewa vitundu zaidi kwa keekee ili vali ndiyo ishike usukani wa mafuta. Ni uboreshaji wa maana kwa pikipiki ya mwendo mkubwa. Kwa 125cc inayosafirisha abiria mjini, binafsi ningezielekeza fedha hizo kwenye springi, sili mpya na tairi nzuri.

Pikipiki za bei huja na skrubu za kurekebisha mwendo wa kubonyea na wa kuinuka. Zifunge taratibu hadi mwisho ukihesabu milio, uandike idadi, uzirudishe, kisha ubadilishe milio miwili kwa wakati mmoja na kitu kimoja tu kwa kila safari. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilichomfaa.

Unapofunga gurudumu, usikaze bolti za chini mapema. Kaza ekseli, bonyeza pua mara kadhaa ili miguu ijipange, halafu kaza zilizosalia. Funga kamba nyembamba ya plastiki kuzunguka bomba la ndani, uisukume mpaka iguse kifuniko cha vumbi, kisha nenda mahali peupe pasipo na magari. Kutoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa, bana breki ya mbele kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo, bila kuinyaka. Ukisimama, tazama kamba ilipofika. Ikiwa imebakisha milimita 10 hadi 15 kabla ya mwisho wa mwendo, umepata. Ikiwa imefika mwisho, rudi kwenye kimo cha mafuta, na ikiwa bado, kwenye springi. Kesho yake asubuhi pitisha kidole chini ya kila sili. Kikitoka na mafuta, kazi haijaisha.