Mifupa ya Tendaguru na Masharti ya Wafadhili

Siku hizi mfadhili wa utafiti huuliza mambo mawili kabla ya kufungua mfuko: mtashirikiana na nani, na wenyeji watafaidi nini? Maswali haya hayakuwapo mwaka 1909, makumbusho ya Berlin yalipowatuma Janensch na Hennig kuchimba mifupa ya dinosauri katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Fedha zilichangishwa na kamati kwa matajiri wa Kijerumani, nao walitaka mifupa tu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi juzi, na nchi ile ilikuwa imeonja njaa kali.

Hata hivyo ushirikiano ulikuwapo, wala haukuwa mdogo. Mamia ya watu walichimba. Wapagazi wakachukua mizigo hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadha. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa stadi wa kuitambua na kuitoa mifupa, hata wataalamu wakamtegemea. Hadi 1913 tani zaidi ya 200 zilikuwa zimechimbwa. Jina la Boheti liliingia katika sayansi mwaka 2007, mnyama mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii.

Nijazapo fomu za wafadhili, humkumbuka yeye. Je, leo angeandikwa mtafiti mwenza, au angebaki katika hesabu ya ujira? Nami nakiri kwamba wasaidizi wangu wa Kilwa nimewaandika, zaidi ya mara moja, katika safu ya gharama.