Kuungama na Kurudisha

Leo someni habari za uamsho wa Kikristo.

Mwaka 1929 Daktari Joe Church, Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala amechoka moyo. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Baadaye uamsho ukaenea hata Tanganyika.

Mtu alisimama mbele ya wenziwe akataja kosa lake waziwazi. Aliyeiba alirudisha. Si jambo dogo, maana angaliweza kufukuzwa kazi! Hata wamisionari wengine Wazungu waliwaomba Waafrika msamaha kwa kuwadharau, jambo geni kabisa siku zile za ukoloni.

Fikirini basi: aliyekwisha kurudisha jembe la jirani, hupita tena mlangoni pake bila kuzunguka njia ya nyuma.