Chungwa lilivyofika Maniema, na namna linavyotumika nyumbani

Katika masoko mengi ya mashariki mwa Congo, chungwa ni tunda la kila siku. Mama muuzaji hulipanga kwa mafungu juu ya gunia, mtoto hulimenya akitoka shule, mgonjwa huletewa hospitalini. Familia zilizohama kwa sababu ya vita nazo, zikipata franga kidogo, hununua mawili matatu kwa ajili ya watoto. Wachache huuliza tunda hili lilitoka wapi. Safari yake ilikuwa ndefu, na ndani yake mna mafundisho yanayofaa jikoni hata leo.

Asili ya chungwa ni Asia, upande wa China na India. Lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mwezi wa nne mwaka 1498, Mreno Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mabaharia wake walikuwa wagonjwa: fizi zimevimba, miguu na mikono imejaa. Ugonjwa huo unaitwa kiseyeye, na unatokana na kukosa matunda na mboga mbichi kwa muda mrefu. Walipokuwa Mombasa walipata nafuu, na mwandishi wa safari yao akadhani ni hewa nzuri ya mji. Lakini mwezi wa kwanza mwaka 1499, waliporudi kutoka India wengi wakiwa wamekufa baharini, walipofika Malindi waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao. Walikwisha kuona kwa macho.

Kutoka pwani, chungwa lilipanda bara pamoja na misafara. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walitoka Unguja na Bagamoyo, wakapita Tabora na Ujiji, wakavuka ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Huko walijenga makao yao Nyangwe, kwenye mto Lualaba, na Kasongo. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871 akakuta soko kubwa. Mwaka 1875 Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo. Wageni hao walileta mpunga, na mbegu za miti ya matunda waliyoizoea kwao. Walileta pia Kiswahili, kile ambacho baadaye kiliitwa Kingwana, na ambacho mamilioni ya raia wa mashariki wanakisema hadi leo.

Historia hii haina utamu peke yake. Misafara hiyo ilitafuta pembe za ndovu na watumwa. Vijiji vilichomwa, watu walifungwa minyororo, na wengi hawakurudi makwao. Mwaka uleule wa 1871, Livingstone aliona watu wa soko la Nyangwe, wengi wao wanawake, wakipigwa risasi na wengine wakizama Lualaba. Mashamba mazuri ya Kasongo yalilimwa kwa jasho la watu waliotekwa. Anayesimulia habari za michungwa ile bila kuwataja wao amesimulia nusu tu.

Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Congo ya mfalme Leopold, yakiongozwa na Dhanis, yaliteka Nyangwe na kisha Kasongo. Daktari Mwingereza aliyekuwa pamoja nao, Sidney Hinde, aliandika alichokikuta Kasongo: maghala yamejaa mchele, kahawa na mahindi, bustani zimetunzwa vizuri, na kila upande kuna machungwa, matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi na ndizi. Wenyeji wa mji walikuwa wamekimbia. Kila aliyewahi kuhama kwa vita anaielewa picha hiyo: nyumba imebaki, matunda yameiva mtini, na aliyepanda hayupo wa kuyachuma.

Machungwa machungu, ambayo pwani huitwa madanzi, hayaliwi hivihivi. Juisi yake huwekwa kwenye samaki au nyama kama limau, na maganda yake hupikwa na sukari mpaka yawe jemu. Machungwa matamu ndiyo ya kumenya na kukamua. Watu wengi huogopa chungwa la kijani wakidhani ni bichi. Katika inchi yetu yenye joto, chungwa mara nyingi hubaki kijani hata likiiva kabisa, kwa kuwa ganda huhitaji usiku wa baridi ili ligeuke rangi. Lililo zito mkononi ndilo lenye maji mengi.

Kuhusu kulipika, mabaharia wametuachia fundisho jingine. Mwaka 1747 daktari James Lind, akiwa kwenye meli ya vita ya Uingereza, aliwagawa wagonjwa 12 wa kiseyeye wawili wawili, kila kundi na dawa yake. Wawili waliopewa machungwa na limau ndio waliopona haraka kuliko wote. Lakini baadaye Lind alishauri juisi ichemshwe mpaka iwe nzito ili ikae muda mrefu melini. Juisi hiyo iliyochemshwa ilipoteza nguvu yake. Sababu ilijulikana katika karne ya 20: dawa iliyomo ni vitamini C, nayo huharibiwa na moto.

Kwa hiyo mama anayetengeneza kinywaji nyumbani achemshe maji, si juisi. Anaweza kuchemsha maji pamoja na tangawizi iliyopondwa na kipande cha ganda lililooshwa vizuri, kisha aepue na kuacha yapoe. Yakishapoa ndipo akamulie machungwa na kuongeza sukari kidogo. Kwa lita moja ya maji, machungwa manne au matano yanatosha. Kinywaji hicho kinywewe siku hiyohiyo, kwa sababu bila frigo huanza kuchacha. Kisiwekwe kwenye ndoo ya bati, maana ukali wa chungwa hula madini ya chombo na unaweza kuumiza tumbo. Sufuria isiyo na kutu au bidoni safi inafaa zaidi.

Anayekula sombe au maharagwe akamalizia na chungwa anausaidia mwili wake kuchukua madini ya chuma yanayoongeza damu. Jambo hilo ni muhimu kwa mama mjamzito. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe tu. Na kwa mtoto anayehara, juisi ya machungwa haichukui nafasi ya SRO wala ya kituo cha afya.

Hata maganda hayatupwi. Yakianikwa juani yakakauka, mafuta yaliyomo huwaka haraka, na hutumika kuwashia makala kwenye babula pasipo mafuta ya taa.

Mchungwa uliopandwa kwa mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, mara nyingi zaidi ya mitano. Uliopandikizwa huwahi zaidi. Ndiyo maana anayekimbia kijiji chake hakumbuki nyumba tu. Hukumbuka pia miti aliyoingojea, na majirani wanaojua ni nani aliyeipanda. Miti hiyo mara nyingi hutajwa pale watu wanaporudi na kukuta shamba lina mtu mwingine, kwani mwenye kujua ulipandwa mwaka gani na nani alishuhudia ana neno la kusema mbele ya wazee. Wazazi walio mbali na mashamba yao wanaweza kuwasimulia watoto mambo hayo sasa, mti kwa mti na mpaka kwa mpaka, na kuyaandika kwenye daftari wakipata kalamu.