Kikombe cha Kuazima: Historia Fupi ya Chombo cha Mnywaji wa Njiani

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo wanafunzi wetu huvichanganya mara nyingi: kuazima na kukopa. Aazimaye jembe hurejesha jembe lile lile. Akopaye kibaba cha unga hurejesha kibaba kingine, kwa kuwa kile cha kwanza kimekwisha liwa. Tofauti hii, ingawa yaonekana kuwa ndogo, yatusaidia kuifahamu historia ya chombo tukitumiacho kila siku bila ya kukifikiria, yaani kikombe cha mnywaji aliye njiani.

Zamani kikombe hicho kilikuwa cha kuazima. Katika Marekani, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, penye bomba la maji, katika shule na ndani ya magari ya moshi, kilikuwapo kikombe cha bati, mara nyingi kimefungwa kwa mnyororo. Kila mpita njia alikinga maji, akanywa, akamwachia mwenzake. Kilikuwa mali ya wote, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kukiosha. Mwaka wa 1908 Alvin Davison, mwalimu wa chuo kikuu, alitoa makala juu ya vijidudu alivyovikuta katika vikombe vya shule. Mwaka wa 1909 jimbo la Kansas, kwa juhudi za Daktari Samuel Crumbine aliyeongoza mambo ya afya jimboni humo, lilitangulia majimbo mengine yote kukipiga marufuku kikombe cha shirika. Mwaka wa 1912 marufuku hiyo ilienezwa kwa magari ya moshi yote yavukayo mipaka ya majimbo.

Wakati huo huo wakili mmoja wa Boston, Lawrence Luellen, alikuwa amekwisha buni kikombe cha karatasi, mwaka wa 1907. Yeye na mwenzake Hugh Moore walikitangaza kuwa ni kikombe cha afya. Tangu mwaka wa 1919 kikajulikana kwa jina la Dixie Cup. Homa kuu ya mafua ya mwaka wa 1918 ilizidisha hofu ya watu juu ya kinywa cha jirani. Hivyo kikombe kikaacha kuazimwa, kikawa cha kutupwa.

Lakini dawa ya ugonjwa mmoja ilizaa ugonjwa mwingine. Mwaka wa 2015 shirika la hifadhi ya mazingira la Deutsche Umwelthilfe lilikadiria kwamba Wajerumani hutupa vikombe vya kahawa bilioni 2.8 kwa mwaka, yaani kama 320,000 kila saa. Ndani ya karatasi yake kikombe hicho hupakwa utando wa plastiki, na utando huo hufanya iwe vigumu kukisaga na kukitengeneza upya. Ndipo mji wa Freiburg, mwezi wa Novemba mwaka wa 2016, ulipoanzisha kikombe kigumu ambacho mteja alikichukua kwa rehani ya euro 1. Alipomaliza kunywa, alikirudisha katika mkahawa wowote uliokuwa katika mpango huo, naye alirudishiwa euro yake. Kikombe kilioshwa, kikapewa mtu mwingine. Mnyororo wa Kansas umekatwa, na mahali pake pamewekwa sarafu. Jambo kubwa zaidi ni kwamba safari hii mwoshaji yupo.

Je, mpango wa namna hii waweza kusimama mashambani? Hapa nchi zetu zina ushahidi wa kutoa. Kwenye pwani, mwuza kahawa na dele lake amezoea kumpa mnywaji finjani, akaingoja, akaisuuza. Huko ndiko kuazima hasa, nako kwawezekana kwa kuwa mnywaji haendi mbali. Barani, viwanda vya bia vilituletea chupa ya kioo yenye rehani: Bralima katika Kongo, kilichoanzishwa mwaka wa 1923, Brarudi katika Burundi, kilichoanzishwa mwaka wa 1955, na Bralirwa katika Rwanda, kilichoanzishwa mwaka wa 1957. Chupa hiyo imefika vijijini ambako hata barabara ni ya shida. Anayekuja dukani na chupa tupu hupewa iliyojaa bila ya kulipia chupa. Asiye nayo huweka rehani. Huku si kuazima tena bali ni kukopa, kwa maana harudishi chupa ile ile ila mfano wake.

Mpango huo umedumu kwa sababu tatu. Kwanza, chupa za aina moja hupokewa kila duka liuzalo kinywaji hicho. Pili, gari lililoleta kreti zilizojaa hurudi na kreti tupu, wala halifungi safari mpya kwa ajili hiyo. Tatu, kazi ya kuosha hufanywa kiwandani. Kikombe cha kahawa ya kuchukua hakina gari wala kiwanda cha kukiosha. Na kijiji chenye mkahawa mmoja hakina mahali pengine pa kukirudishia. Yaelekea Wajerumani wenyewe walilitambua jambo hili. Sheria yao iliyoanza tarehe 1 Januari 2023 yawalazimu wauzaji wakubwa kutoa chombo cha kurudishwa, lakini duka lisilozidi wafanyakazi 5 na meta za mraba 80 laruhusiwa kumjazia mteja chombo alichokuja nacho mwenyewe.

Sisi nasi tuna la kuangalia. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka wa 2008, na mwaka wa 2019 ikatunga sheria juu ya plastiki ya kutumiwa mara moja. Hata hivyo, katika maduka mengi ya kanda yetu chupa ya plastiki isiyorudi imechukua nafasi ya ile ya kioo, na mitaro yetu yaonyesha hivyo. Tukiiacha chupa ya rehani ipotee, tutakuja kuununua kwa wageni utaratibu ambao wenye maduka wetu wanaujua kwa moyo.

Mwalimu aweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Wanafunzi na wakusanye majina ya vyombo vya kunywea: kata, kibuyu, kopo, finjani, bilauri. Kisha waulizwe juu ya kila kimoja: kiliazimwa, kilikopwa, au kilitupwa? Na ni nani aliyekiosha?